Nukta Tatu kwenye Bolti

Baba yangu, Mzee Ghalib, alikuwa fundi silaha jeshini kwa miaka kumi na mitano, kisha akawa mtunzaji wa chumba cha makumbusho cha mji wetu kwa miaka kumi na saba. Chumba hicho kilikuwa na ngoma mbili, mizani ya pamba, picha za reli, na bunduki kumi za kijeshi za wakati wa Mjerumani zilizotundikwa ukutani. Zilikuwa zimezibwa mitutu, hazingeweza kuua hata panya. Kila Alhamisi baba alizishusha moja moja, akazipangusa kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta, akazirudisha. Sisi watoto tulikuwa tukimtania kwamba ana wake kumi na mama ni wa kumi na moja. Mama alicheka kuliko sisi sote.

Mwanzoni mwa mwaka 1997 chumba kilitakiwa kukarabatiwa, akaletwa mtaalamu wa kukagua vitu vyake. Alikuwa bwana mpole, mkusanyaji wa bunduki kuukuu, mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni. Kwa wakusanyaji, bunduki ya maana ni ile ambayo vipande vyake vyote vilitoka kiwandani pamoja. Kila kipande kimegongwa namba. Namba zikilingana, bunduki ni halisi. Zisipolingana, imechanganywa, na iliyochanganywa kwao ni nusu ya bunduki.

Bwana yule aliishusha bunduki namba 5517, ile ya katikati. Akakuta bolti yake, chuma kile kinachovutwa na kusukumwa kufunga risasi ndani, ina namba 2083. Kitako cha mbao kilikuwa na namba 9140. Akafungua faili la mwaka 1980, akakuta kadi iliyojazwa kwa mwandiko wa baba. Mwili: 5517. Mtutu: 5517. Bolti: 5517. Kitako: 5517. Alipomaliza zote kumi, saba zilikuwa na kasoro hiyo hiyo.

Maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyesoma. Mwaka 1980 bunduki zilikuwa kamili, sasa si kamili, na ufunguo wa chumba alikuwa nao mtu mmoja.

Baba alijieleza mara moja tu. Alisema bunduki zilifika makumbusho kutoka jeshini zikiwa hivyo, na kadi alizijaza kwa mazoea. Katika karakana ya jeshi, bunduki huitwa kwa namba ya mwili wake, na kila kipande kilichomo huandikwa kwa namba hiyo, basi. Wakuu wa makumbusho walimwomba shahidi, hakuwa naye. Wakamtaka arudishe ufunguo. Nakumbuka Alhamisi iliyofuata alikaa barazani na kile kitambaa mkononi mpaka mama akamwambia aingie ndani. Novemba tukamzika.

Barua kwa familia ilikuja Februari 1998. Daftari jipya la makumbusho lingepigwa chapa mwisho wa Aprili. Kama hapangekuwa na maelezo yenye ushahidi, lingesema kwamba vipande halisi vya bunduki saba vilipotea chini ya uangalizi wa Ghalib.

Mdogo wangu Murshid alitaka tuiache. "Dada, mtu keshalala. Nani atasoma daftari la makumbusho?"

"Watoto wa shule wanapelekwa pale kila mwaka," nilimwambia. "Na wanao wako darasa la tano."

Alichukua barua, akaisoma tena.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mfanyabiashara wa nguo Dar es Salaam. Mwezi wa Aprili nilikuwa na safari ya Guangzhou, ya pili maishani mwangu, na katika begi la mkononi niliweka kitu kimoja kisicho cha biashara. Lilikuwa daftari la baba, limezungushiwa kitambaa kama alivyoliacha. Ndani yake alikuwa ameweka karatasi juu ya kila namba ya kila bunduki na kusugua penseli mpaka namba ikajitokeza. Pembeni ya namba za bolti kulikuwa na nukta ndogo zilizogongwa kwenye chuma. Bolti 2083 ilikuwa na nukta tatu. Mtaalamu aliziandika katika ripoti yake kama "mikwaruzo ya uharibifu". Katikati ya daftari ilikuwamo picha ya mwaka 1970: vijana kumi wenye kaptura, baba akiwa wa tatu kutoka kushoto, na mbele yao Mchina mmoja mwembamba amechuchumaa. Baba alikuwa akimtaja sana, Mwalimu Liang, aliyewafundisha ufundi jeshini. Nyuma ya picha kulikuwa na maandishi ya Kichina ambayo hakuna aliyewahi kutusomea.

Wakati ule Watanzania hatukuwa wengi Guangzhou. Asubuhi nilizunguka majumba ya nguo ya mtaa wa Guangyuan Xilu, nikipishana na wapagazi na marobota yao, na mchana nikaenda kula mtaa wa Huanshi Zhonglu kwa Waislamu wa huko. Hapo ndipo nilipopanga kukutana na Sesilia. Sesilia ni mtu wa Bukoba, rika langu, niliyemfahamu safari ya kwanza, aliyekuwa mwaka wa sita akisomea udaktari kwa ufadhili. Kichina alikisema mpaka wauzaji wakageuka kumtafuta Mchina aliyesema. Nilimpa picha.

"Wewe Mtanga," alisema akiigeuza, "yaani umevuka bahari kutafuta mwanamume kwa picha?"

"Mwanamume mwenyewe atakuwa na miaka sabini."

"Ndio wanaotulia hao." Kisha akasoma, na utani ukamtoka usoni. "Hili ni jina lake, na kiwanda chake. Kiwanda cha zana, ng'ambo ya mto. Swalha, viwanda vingi vya aina hii vimefungwa mwaka jana na juzi. Usijiwekee matumaini makubwa."

"Nina siku sita. Nitajiwekea hayo hayo madogo."

Kiwanda kilikuwa kimefungwa kweli, lango limepigwa mnyororo, lakini nyumba za wafanyakazi zilikuwa bado zina watu. Wazee wanne walikuwa wakicheza mahjong chini ya ngazi, wakikoroga vigae vyake mezani kwa viganja mpaka vikagongana. Sesilia aliwauliza. Mmoja akajibu bila kuinua macho.

"Anamjua," Sesilia alinitafsiria. "Anaishi ghorofa ya pili. Lakini ni siku za kusafisha makaburi, amekwenda kijijini kwenye kaburi la mke wake. Atarudi keshokutwa."

Tuliondoka. Kwenye basi Sesilia alidhani nimekata tamaa, kumbe nilikuwa nikiwaza kwamba kaburi la baba nami sijalipalilia tangu Januari.

Tulirudi siku ya nne ya safari yangu. Ilikuwa ile hali ya hewa ya Aprili ya huko, kuta zinatoka jasho na sakafu za ngazi zinateleza kama zimemwagiwa sabuni. Mlango ulifunguliwa na mzee mwembamba, miwani kwenye paji la uso, gazeti mkononi. Sesilia alianza Kichina chake kirefu cha heshima. Mimi sikuweza kungoja.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema.

Gazeti lilishuka. Alinitazama muda mrefu, midomo ikijaribu jambo bila sauti, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko ya koti la zamani.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Marahaba, marahaba. Ingia, ingia. Viatu acha, viatu hapana taabu."

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha miaka thelathini iliyopita, lakini tulielewana. Alitupa chai. Nilimpa picha, akaicheka, akaweka kidole kwa kila kijana. Alipofika wa tatu alisema, "Ghalibu. Mkono mzuri sana huyu. Hajambo?"

"Alifariki Novemba, mwalimu."

Alishusha miwani machoni, akaitazama picha tena. "Pole, mtoto," alisema. "Pole sana."

Nikamweleza yote: namba, kadi, mtaalamu, barua, mwisho wa Aprili. Nilisema polepole na Sesilia akajazia kwa Kichina pale niliposhindwa. Niliona uso wa mzee ukifungwa kadiri nilivyoendelea. Nilipomwuliza kama anakumbuka bunduki zile, na kama kuna daftari lolote la darasa lile, alitikisa kichwa.

"Mei you," alisema. Neno hilo hata mgeni wa siku moja Guangzhou analijua. Hakuna. Akaongeza jambo kwa Kichina, akitazama mlango.

"Anasema mambo ya kazi ya nje waliambiwa wasiyazungumze," Sesilia alinong'ona. "Anasema ni mzee, nyumba ni ya kiwanda, hataki kuandika chochote. Anaomba radhi."

"Mwambie haidhuru."

Na nilimaanisha. Huwezi kwenda kwa mtu aliyetoka kaburini kwa mkewe ukamlazimisha. Nilikusanya picha, nikaiweka ndani ya daftari la baba, nikaanza kulifunga. Sikuwa nikifikiri. Niliweka kitambaa mshazari, nikakunja pembe ya chini juu, za kando zikaingia ndani, nikaviringisha, na ulimi uliobaki nikauchomeka chini ya mkunjo kwa kidole gumba. Hakuna fundo wala kamba. Nyumbani kwetu kila kitu kilifungwa hivyo, kuanzia mkasi wa mama hadi Msahafu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipogundua kwamba majirani hufunga vitu kwa mafundo.

"Nani amefundisha wewe?" Mwalimu Liang aliuliza.

"Nini, mwalimu?"

Alinyosha kidole kwenye kitambaa. "Hiyo."

"Baba."

"Kwa nini hapana kamba?"

Hilo nililijua kama jina langu. "Kamba inashika maji. Kutu inaanzia penye kamba."

"Mafuta ngapi?"

"Tone moja."

Chini, vigae vya mahjong vilikorogwa upya. Kisha mzee akainuka, akapiga magoti kwa shida mbele ya kitanda, akavuta kopo la biskuti lililozibwa ukingo kwa mkanda wa plasta. Ndani kulikuwa na mkaa uliofungwa kwenye kitambaa, wa kunyonya unyevu, na chini ya mkaa kifurushi kilichokunjwa mshazari, bila fundo.

"Mimi nilisema hakuna," alisema akikifungua. "Nilisema uongo kidogo."

Lilikuwa daftari la darasa. Wakati anatafuta ukurasa alianza kusimulia, mara Kiswahili, mara Kichina, na Sesilia alitafsiri, ingawa mara nyingine alijisahau akabaki kusikiliza tu.

Bunduki zile kumi zilikuwa chakavu, alizoziomba ghala la jeshi kwa ajili ya kufundishia. Alizijua tangu ujanani mwake kazini, maana nchini kwake walikuwa wakitengeneza bunduki za umbo hilo hilo. Siku ya mtihani alizifungua zote kumi, akavimwaga vipande juu ya turubai, na akavichanganya kwa viganja viwili. Alituonyesha kwa mikono, na sote watatu tukatazama chini kwa wale wazee wa mahjong. Namba zote alikuwa amezipaka nta, zisionekane. Kila mwanafunzi alipewa mwili mmoja wa bunduki na kuambiwa atafute bolti itakayofunga sawasawa, kwa kusikiliza chuma na kwa kipimo, si kwa kusoma.

"Namba ya karani," alisema. "Kipimo ya fundi."

Aliyefaulu aligonga alama yake kwenye bolti. Mwanafunzi wa kwanza kwenye orodha nukta moja, wa pili mbili, hadi kumi. Watatu kwa bahati walipata bolti zilizozaliwa na bunduki zao. Saba hawakupata, lakini bolti walizochagua zilifunga vizuri, zikapita kipimo. Vitako navyo vilikwenda hivyo hivyo, kila mtu na kilichokaa vyema. Baada ya mtihani wanafunzi walitaka kuzirudisha kama zilivyokuwa.

"Mimi nilikataa. Nilisema imefunga, iache." Alivua miwani. "Sasa wewe unasema watu wanataka kama ilivyotoka kiwanda. Miaka sitini zilikaa kamili, mkono yangu ikaharibu. Ghalibu hapana kosa. Kosa yangu."

Ndipo nilipoelewa alichokuwa akikiogopa. Kiwanda na nyumba vilikuwamo, lakini hasa lilikuwa kosa hilo.

Alipata ukurasa. Mistari kumi, wino wa buluu uliofifia, majina kwa herufi za Kilatini zilizoandikwa kwa uangalifu wa mgeni. Nilifungua daftari la baba pembeni yake. Sesilia akanishikia kurasa zisijifunge.

Mstari wa tatu ulisema: Ghalib. Mwili 5517. Bolti 2083. Kitako 9140. Amefaulu.

Nikateremka mistari yote, kidole kimoja kwenye daftari la baba, kingine kwenye la mwalimu. Kumi kwa kumi. Hakuna kipande kilichopotea. Bolti 5517, ile iliyodaiwa kupotea, ilikuwa ukutani siku zote hizo, futi nne kutoka pale ilipotafutwa, ndani ya bunduki ya mwanafunzi wa nane. Mtaalamu alitafuta bunduki moja moja. Hakufikiria kuzitazama kama darasa, wala mimi niliyekuwa na namba zote mkononi sikufikiria.

"Mwalimu," nilisema, "hukuharibu kitu. Hii ndiyo bunduki yenyewe ya baba. Ingekuwa na namba zote sawa ingekuwa ya Mjerumani."

Sijui kama alinielewa vyema. Alichukua kalamu.

Aliandika barua ukurasa mzima kwa Kichina, na Sesilia akaiandika kwa Kiswahili chini yake. Tulipomwambia kwamba si lazima aweke jina, maelezo ya darasa yangetosha, alimtazama Sesilia kama mwanafunzi aliyezembea.

"Fundi anagonga alama," alisema, akachovya muhuri wake kwenye wino mwekundu na kuugandamiza mara mbili, chini ya Kichina na chini ya Kiswahili.

Jioni ile tulitoa nakala za kurasa, nikazituma kwa Murshid kwa faksi kutoka hotelini. Nikampigia simu nikamwambia aende makumbusho asubuhi na mapema, na asikubali kuambiwa aache karatasi mezani.

Alinipigia kesho yake. Nilikuwa chumbani nikifunga mzigo.

"Dada, kaa chini."

"Nimekaa. Sema."

"Yule bwana wa kioo yuko hapa mjini, alikuja kumalizia kazi. Kasoma faksi mara mbili. Kachukua kioo chake kaenda ukutani. Kashusha moja moja. Mimi namfuata nyuma kama kivuli, nahesabu naye. Nukta moja, mbili, tatu... zote zipo, dada. Hata kumi zipo, zimejipanga kama shanga."

"Akasemaje?"

"Kasema amekusanya bunduki maisha yake yote na hajawahi kuona hata moja inayomtaja aliyeifunga." Murshid alikohoa, nikajua analia. "Katuomba radhi. Mbele ya karani, dada. Na kasema kadi zote kumi ziandikwe upya, daftari litangoja wiki mbili. Kauliza kama familia ingependa kuandika ya baba."

Siku ya mwisho nilikwenda peke yangu ng'ambo ya mto kumpa mwalimu habari. Nilikuwa nimemchukulia kitenge, nikamwambia ni cha kupangusia, akasema kizuri mno kwa kazi hiyo, atakitundika. Tukakaa mezani kuandika kadi. Ya 1980 ilikuwa na namba moja mara nne. Hii ilikuwa na namba tatu tofauti, na chini yake tuliandika kwamba vipande hivi viliunganishwa mwaka 1970 katika mtihani wa mafundi silaha, na Ghalib, mwanafunzi wa tatu, ambaye alama yake ni nukta tatu chini ya mkono wa bolti. Mwalimu aliisoma kwa sauti, neno moja moja. Alitaka tuongeze "amefaulu". Tukaongeza.

Nilipoanza kufunga madaftari alinizuia.

"Na hawa tisa?" aliuliza, akigonga picha kwa ukucha. "Wako wapi? Watoto yao wanajua?"

Sikujua. Sikuwa nimewaza hata kidogo kwamba kwenye turubai lile kulikuwa na mikono mingine tisa, na pengine nyumba tisa ambazo vitu hufungwa bila fundo, na hakuna anayejua kwa nini.

"Huyu wa saba alikuwa anaimba," mwalimu alisema. "Kila siku anaimba, mimi nampigia kelele. Jina yake Elisante."

Nikageuza karatasi mpya mwishoni mwa daftari la baba, baada ya namba zake zote za penseli, nikaandika: Elisante, nukta saba, alikuwa akiimba. Nikamwuliza anayefuata.